Chama Kisicho na Dini

Neno lililomponza mpangaji wangu nililiandika mimi, kwa mkono wangu huu, tena kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, na nilipomaliza nilijipa kumi juu ya kumi. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia visingizio. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi tangu nikiwa msichana mpaka siku waliyonipa saa ya ukutani na kuniambia nikapumzike, na miaka yote hiyo sikumwachia mtoto kosa lake lipite. La kwangu lilipita.

Nyumba yangu iko Ijuganyondo, hapa Bukoba, ndani ya kibanja cha migomba na mibuni alichoniachia marehemu mume wangu. Uani kuna vyumba viwili vya kupangisha. Mpangaji alikuja na begi moja la mgongoni na sanduku la chuma lililojaa spana. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mvi kichwa kizima, kutoka nchi ya mbali huko kaskazini, nchi ya jangwa ambayo aliniomba nisiitaje hovyo, na mpaka leo siitaji. Kwao alikuwa mhandisi. Huku alikuwa fundi wa injini za boti pale Kemondo, na wiki nyingine alivuka kwenda visiwa vya Muleba kuwatengenezea wavuvi mashine zao. Vidole vyake vilikuwa na grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya mche.

Ilinichukua miezi mitatu kugundua kwamba nimempangisha mwenyekiti wa chama cha siasa. Loo, niliogopa! Nilidhani nitaona bendera na ngoma na watu wa usalama wamejaa kwenye migomba yangu. Kumbe chama chenyewe kilikuwa na wanachama kumi na mmoja duniani kote. Wanne walikuwa hapa Kagera, waliobaki wametawanyika kwenye miji ya ughaibuni, na walikutana nao kwa simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Katibu alikuwa kijana wa makamo aliyeuza dagaa Kagondo, yeye naye mkimbizi wa nchi hiyo hiyo. Walikuwa na muhuri, karatasi zenye nembo, na viti sita, viwili kati ya hivyo vyangu.

Jirani yangu, mama ambaye shamba lake na langu vinatenganishwa na mstari mmoja wa miti, alicheka mpaka akakaa chini. "Waitu, Mwalimu," aliniambia, "kikundi chetu cha kuzikana kina watu wengi kuliko hicho chama!"

Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nawaangalia kila Jumamosi mchana na sikuweza kuwacheka kwa muda mrefu. Walikuja wamevaa mashati ya pasi. Walisoma kumbukumbu za mkutano uliopita kana kwamba ni bunge. Kitu kimoja kilinishangaza zaidi. Wote walikuwa Waislamu, Wasunni, watu wa kuswali, lakini ndani ya mkutano hakuna aliyeruhusiwa kufungua kwa dua. Alasiri ikifika, mwenyekiti aliahirisha mkutano, wakatoka nje, wakatandika mikeka chini ya mibuni yangu, wakaswali. Wakimaliza waliikunja mikeka na kuiacha ukutani, nje ya mlango, kando ya viatu, kisha wakaingia ndani kuendelea na siasa.

"Dini yao wanaivua mlangoni kama kandambili," jirani alisema.

Siku moja nilimwuliza mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni kwangu akitafuna buni nilizompa, zile zilizochemshwa na kukaushwa tunazompa mgeni, alizipenda kuliko sisi wenyeji. Akaweka mikono kifuani, ule wa kulia juu ya wa kushoto.

"Mwalimu, kwetu watu walisimamishwa barabarani wakaambiwa waswali," alisema. "Wenye bunduki hawakusikiliza sala. Waliangalia mikono. Aliyeikunja hivi, na aliyeinyoosha hivi." Akaishusha mikono ubavuni, kama wanavyoswali Washia. "Siku nyingine walioua walikuwa wale. Siku nyingine walikuwa wetu. Mimi ni Msunni na nitakufa Msunni. Lakini sitaki serikali inayoangalia mikono ya mtu akiswali. Basi. Chama chetu ni hicho tu."

Nililia, sioni haya kusema. Tangu siku hiyo viti vyangu viwili sikuvidai tena.

Nilimfundisha Kiswahili. Alikuja asubuhi za Jumamosi na daftari la mistari, akakaa wima kama mtoto wa darasa la tatu, na nikimkosoa aliweka mkono kifuani na kusema, "Samahani, Mwalimu." Ngeli zilimtesa miezi sita, baadaye zikamkubali. Nikampa jina la utani, Mwanafunzi Bora. Msimu wa senene nilimpelekea sahani nikitegemea atakimbia. Wapi! Alikula, akasema bibi yake kwao alikaanga nzige na chumvi. Alikuwa mtu wa hivyo, popote ulipomweka alitafuta kitu kinachofanana na kwao.

Alikuwa na hofu moja tu, na hakuificha. Serikali ya kwao hakutegemea kuiona ikibadilika, alisema hayo ni ya wajukuu. Aliogopa kufa ugenini bila watu wa kumswalia. Bibi yake alimfundisha kwamba maiti akiswaliwa na safu tatu za watu, Mungu huona haya kumfukuza. "Chama changu huku ni watu wanne," aliniambia, "na mmoja wao nitakuwa mimi kwenye jeneza. Watatu hao wakijipanga, ni safu ngapi?" Alicheka, ila macho hayakucheka. Mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, Bukoba hatumwachi mtu azikwe kama kuku.

Sasa nifike kwenye karatasi. Mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu muungwana, alisikia maneno kuhusu wageni wanaokutana uani kwangu, akaomba maelezo mafupi kwa Kiswahili, yabandikwe ubaoni ili watu waache kunong'ona. Wageni walikuwa na maelezo yao kwa Kiingereza. Wakati huo mpangaji wangu alikuwa bado anasema "kiti kubwa". Nani atafsiri? Mimi, bila shaka. Nilifurahi kuombwa. Nikavaa miwani, nikatoa kamusi yangu kubwa, nikafika kwenye lile neno lao la Kiingereza linalosema chama hakichanganyi dini na utawala. Kamusi ikanipa maneno mawili: "-a kidunia" na "-sio na dini". La kwanza nililikataa palepale, maana huku mtu wa kidunia ni yule anayejulikana kwenye kila kilabu cha rubisi. Nikachukua la pili. Nikaandika: Hiki ni chama kidogo cha Wasunni kisicho na dini, kilichoanzishwa na watu waliokimbia nchi yao, na hakifanyi siasa yoyote hapa Tanzania.

Wasunni kisicho na dini! Mtoto wa darasa la tano angeuliza. Mimi nikasema moyoni kwamba ni siasa, na siasa haieleweki, nikawakabidhi. Wakaipiga muhuri kwa heshima zote. Ikabandikwa, mtu akaipiga picha, ikaingia kwenye makundi ya simu, na kutoka hapo hakuna wa kuikamata.

Sikuona kilichofuata, au niliona nikapita. Mtu wa bucha aliyekuwa akimwita "Shehe wa Mashine" akaacha kumwita. Siku ya Idi, ambayo mwaka wa kwanza alirudi na sahani tatu za pilau kutoka nyumba tatu, mwaka wa pili alirudi mikono mitupu akala ndizi na maharage jikoni kwangu. Ijumaa alikwenda msikitini kama kawaida, akavaa kanzu yake iliyonyooka, akarudi mapema. Nilimwuliza mbona hakai kupiga soga na wenzake. Alisema ana injini inamsubiri Kemondo. Nikaamini. Nilidhani ni ugeni tu, watu wamemzoea, hamu imekwisha.

Halafu kuna ile asubuhi. Hiyo ndiyo inayoniuma. Alikuwa amekaa na daftari lake, mimi nakoroga uji, moshi unaniingia machoni na nina hasira na kuni mbichi.

"Mwalimu," akaniuliza polepole, "mtu akisema kikombe kisicho na sukari, si maana yake sukari haimo kabisa?"

"Haimo kabisa."

"Na chama kisicho na dini?"

Niligeuka na mwiko mkononi. "Hiyo ni siasa, si kikombe! Kamusi imesema, na mimi nimesema. Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi Kiswahili?"

Aliniangalia, akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Samahani, Mwalimu." Akafunua ukurasa mwingine. Hakuuliza tena, na mimi nilirudi kwenye uji wangu nikiwa nimejiona mshindi. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nimeifundisha methali hiyo kwa watoto mpaka chaki ikaisha, na sikujifunza hata herufi yake.

Alifariki mwaka wa tatu, asubuhi, jua limeshatoka. Moyo wake ulikuwa unamsumbua na daktari alishamwonya juu ya kubeba injini. Alikunywa chai, akakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vyangu akivaa viatu, na kiatu cha pili hakukivaa. Nilimkuta ameinama kama anatafuta kitu sakafuni. Nilimwita mara tatu, Mzee, Mzee, Mwanafunzi Bora. Kisha nikapiga kelele na jirani akaja mbio kupitia kwenye migomba.

Katibu alifika kutoka Kagondo baada ya nusu saa, na wale wengine wawili nyuma yake. Walimlaza, wakamfunika. Waislamu hawacheleweshi maiti, azikwe siku hiyo hiyo, kwa hiyo katibu akatoka kwenda kutoa taarifa. Aliporudi, sura yake ilikuwa imekwisha.

"Mwalimu, watu hawaji," alisema.

"Hawaji wapi?"

"Kuzika. Shehe amesema atamswalia, lakini niliowaita wananijibu kwamba wana kazi. Mmoja ndiye alisema wazi. Anasema, nyinyi si mlitangaza wenyewe kwamba hamna dini? Mbona leo mnataka sala?" Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, palepale pa mwenyekiti wake. "Tuko watatu, Mwalimu. Ni safu moja, nayo fupi."

Nilimwuliza ni lini tulitangaza upuuzi huo, na kabla hajajibu nilijua. Kikombe kisicho na sukari. Niliona moshi, nikaona mwiko, nikaona mkono wake kifuani.

Sikubadilisha hata kitenge. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa mtaa, nikabandua ile karatasi, imechakaa lakini muhuri bado unaonekana, nikapanda pikipiki kwenda msikitini. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa na kuolewa kanisani, sijawahi kusogea mlango ule. Shehe alinipokea barazani. Ni Mhaya mwenzetu, mtu mpole, amenizidi miaka michache tu.

"Shehe," nilisema, "aliyeandika hii ni mimi. Mgeni wa watu hakujua Kiswahili. Mimi ndiye niliyekosea. Alikuwa na dini kuliko mimi na wewe, usinikasirikie."

Hakukasirika. Alishika karatasi akaiangalia kwa muda. "Mama Mwalimu, mimi sikuwa na shaka naye," alisema. "Mtu asiye na dini haji Ijumaa zote hizo akaswali safu ya mwisho peke yake. Nilimwita mwaka jana. Nikamwambia, mzee, kama karatasi hii imekosea, sema neno moja tu nitangaze kwenye kipaza sauti, yaishe. Unajua alinijibu nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Alisema karatasi imeandikwa na mwalimu wake, na mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya watu. Nikamwambia watu wanakusema vibaya. Akasema, mimi nimezoea kusemwa, yeye hajazoea."

Nilikaa chini pale barazani kwenye saruji. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu cha msibani, na watu waliokuwa wakitawadha wakageuka kuniangalia. Mtu alikuwa na hofu moja duniani, hofu ya safu tatu, akaiweka rehani kwa ajili ya jeuri yangu. Na alikuwa ameniuliza! Aliniuliza kwa adabu, jikoni, hakuna aliyekuwa akisikia, na mimi nikamwonyesha mwiko.

Shehe alisubiri nitulie. Kisha akanipa kalamu. "Andika inavyotakiwa," alisema. "Nitaisoma kama ilivyo."

Niligeuza karatasi upande wa nyuma. Mwandiko ukawa wa kuku. Niliandika kwamba marehemu alikuwa Mwislamu aliyetaka serikali isimwulize mtu dini yake, kwamba kosa la maneno ya ubaoni ni la mtafsiri, na nikaandika jina langu lote pamoja na neno mwalimu mstaafu, ili wasitafute mwingine. Shehe aliisoma kwenye kipaza sauti kabla ya adhana ya Adhuhuri. Nilisikia jina langu likipita juu ya mabati ya Bukoba na aibu ikanichoma mpaka masikioni. Acha inichome, nilisema.

Huku nyuma katibu alikuwa amepiga simu visiwani. Mimi visiwa sikuvifikiria kabisa. Saa tisa, magari mawili ya kubebea samaki yalipanda kutoka Kemondo, na nyuma yake wamejaa wavuvi wamesimama, wengine na mabuti ya mpira, wengine bado na magamba kwenye suruali. Hawakuwa wamesoma karatasi yoyote wala kusikia kipaza sauti. Walijua tu kwamba kuna mzee aliyekuja na boti hata wakati wa dhoruba kutengeneza mashine zao, na kila alipomaliza aliwaomba maji ya kutawadha. Waislamu kati yao walikimbilia bombani kuosha miguu. Wakristo waliuliza majembe yako wapi, wakaenda kusaidia kaburi pamoja na kikundi chetu cha kuzikana, ambacho jirani yangu alikuwa amekikusanya bila mimi kumwomba.

Na watu wa mjini walikuja. Yule wa bucha alikuja na aproni yake, akaivulia kwenye geti la msikiti, akaikunja na kuiacha pale chini. Wengi waliinamisha vichwa walipopita mbele yangu. Sikuwalaumu, maana wao walidanganywa na mimi.

Wanawake tulisimama nje ya ukuta wa matofali wa msikiti, mimi na jirani na mama wawili wa mtaa. Ukuta ni mfupi, unaona yote. Jeneza liliwekwa mbele, shehe akasimama, na nyuma yake wanaume wakaanza kujipanga bega kwa bega. Katibu na wale wawili walikuwa katikati ya safu ya kwanza. Jirani alinishika mkono akawa anahesabu kwa kunifinya. Moja. Mbili. Ya tatu ilijaa wavuvi, miguu mitupu imelowa. Akaendelea kunifinya, nne, tano, mpaka ya sita ikabidi ikate kona kwenye mti. Mikono yote ilikuwa kifuani, isipokuwa mvuvi mmoja mwishoni kabisa, mgeni ambaye sikujua alikotoka, aliyeiacha imenyooka ubavuni. Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Nikasema moyoni, mwenyekiti, mkutano wako mkuu huu hapa.

Walipotoa salamu, shehe aligeuka kuwaelekea watu. Kuna swali ambalo wao huuliza kabla maiti hajanyanyuliwa, nililisikia kwenye misiba mingine nikipita njiani.

"Ndugu zangu," alisema, "mnamshuhudiaje marehemu huyu?"

Najua kinachojibiwa. Wanaume hujibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu wa kheri, na wanawake, tena wa dini nyingine, tena nje ya ukuta, hawajibu kitu. Jirani aliona nimevuta pumzi akanifinya tena, safari hii kunizuia.

"Mtu wa dini!" nilisema.

Ua mzima ukageuka. Shehe hakunikemea. Nikanyoosha mgongo, nikalirudia polepole, neno moja moja, kama nilivyosoma imla maisha yangu yote ili hata aliyekaa nyuma kabisa aandike sawasawa: mtu, wa, dini.